Kompyuta Kuukuu Inapokataa Kumbukumbu Mpya

Siku hizi si ajabu kukuta kompyuta ya kupakata katika nyumba ya mkulima wa mpunga. Hapa Kiberege, na katika vijiji vingi vya bonde la Kilombero, utaiona juu ya meza sebuleni, imefunikwa kitambaa kilichodariziwa, kama tulivyokuwa tukiifunika redio zamani. Mara nyingi si mpya. Imenunuliwa mtumba Kariakoo, imeachwa na mjomba aliyepewa nyingine kazini, au imekuja kama zawadi kwa parokia. Lakini kazi zake ni kubwa. Mtoto wa chuo anaandikia utafiti wake, mwalimu anatungia mitihani, mweka hazina wa kikundi anatunzia hesabu za akiba, na katibu wa parokia anaorodhesha majina ya wabatizwa.

Kompyuta hiyo inapozeeka huanza kuwa nzito. Ukiiwasha asubuhi unaweza kuchemsha chai, ukainywa, na bado haijawa tayari. Ndipo fundi au mtoto husema, "Mama, hii inataka kuongezewa ramu." Fedha inatafutwa, ramu inanunuliwa na kuwekwa, na hapo ndipo balaa linapoanza. Kioo kinabaki cheusi, mashine inalia pii-pii, au inawaka na kujizima yenyewe. Nyumba nzima inaingiwa na simanzi. Baba anamtazama mtoto, mtoto anamtazama fundi, na mama anawaza gunia la mpunga lililouzwa.

Katika makala hii tungependa kuwaeleza akina mama wenzetu namna ya kulikabili jambo hilo bila hofu na bila kutupa fedha. Sisi si mafundi wa kusomea kompyuta. Tumejifunza kwa kutunza zile za ofisini na za parokia, na kwa kuuliza wanaojua. Lakini tumeona kwamba njia ya kumtibu mgonjwa inafaa hapa pia: pima kabla ya kununua dawa. Na kama mgonjwa amezidiwa baada ya dawa mpya, isimamishe kwanza dawa hiyo, ndipo utafute sababu, jambo moja kwa wakati mmoja.

Kumbukumbu ni meza, diski ni stoo

Wengi wetu huchanganya vitu viwili, na kuchanganya huko ndiko kunakoleta hofu. Fikiria jiko lako siku ya sherehe ya Komunyo ya Kwanza. Una stoo yenye mchele, mafuta, vitunguu na masufuria. Una pia meza unayokatia na kupangia vitu vya kupika kwa wakati ule. Diski ya kompyuta ndiyo stoo. Ramu, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ndiyo meza.

Meza ikiwa ndogo, mpishi hukimbia stoo kila dakika kuchukua kitu na kurudisha kingine. Chakula kitaiva, lakini kwa kuchelewa sana. Kompyuta yenye ramu kidogo hufanya vivyo hivyo. Ramu ikijaa, mashine huazima sehemu ya diski na kuitumia kama meza ya ziada. Diski ni ya polepole kuliko ramu, kwa hiyo kila kitu kinakwama na taa ya diski haitulii.

Ukizima mashine, vilivyo mezani huondolewa vyote. Vilivyo stoo hubaki. Mama, lishike neno hili vizuri: kutoa ramu ya zamani au kuweka mpya hakufuti picha za harusi wala hesabu za kikundi zilizokwisha kuhifadhiwa. Kioo kikiwa cheusi baada ya kuongeza ramu, usilie kwamba kila kitu kimepotea. Mara nyingi stoo iko salama kabisa.

Kwa nini mashine ya zamani huchoka

Nchi yetu imesafiri mbali na vyombo hivi. Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, kwa kuwa zilikuwa zimeleta hasara na usumbufu katika hesabu. Marufuku hayo yalikuja kulegezwa baadaye. Bonde letu nalo halikubaki nyuma. Mwaka 1996 watafiti wa Ifakara walianza kuandikisha kaya za Kilombero na Ulanga, nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama, na taarifa za maelfu ya watu zikatunzwa kwa kompyuta.

Tangu wakati huo programu zimenenepa. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, ilishauriwa iwe na ramu ya megabaiti 128. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haikubali chini ya gigabaiti 4, yaani mara 32 ya ile. Kwa hiyo mashine iliyokuwa nyepesi ilipotoka kiwandani huelemewa, si kwa sababu ina ugonjwa, bali kwa sababu mzigo umeongezeka na mgongo ni ule ule.

Pima kwanza

Kabla hujauza hata debe moja la mpunga, hakikisha kwamba ramu ndiyo yenye tatizo. Katika kompyuta ya Windows, fungua programu zile unazotumia kila siku. Kisha bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litatokea dirisha la kuonyesha kazi zinazoendelea, na ndani yake utaona asilimia ya kumbukumbu inayotumika na asilimia ya diski.

Kama kumbukumbu imefika asilimia 85 au 90 na haishuki, kweli meza ni ndogo. Kama kumbukumbu iko nusu tu lakini diski imefika asilimia 100 kwa muda mrefu, shida ni stoo. Hapo kuongeza ramu kutakusaidia kidogo sana. Afadhali fedha hiyo uinunulie diski ya kisasa isiyozunguka, ile mafundi wanayoiita SSD, baada ya kunakili kazi zako zote.

Jambo la pili la kupima ni uwezo wa mashine yenyewe. Kila kompyuta ina kikomo. Kwa mfano ThinkPad T60 ya mwaka 2006, hata ukiiwekea gigabaiti 4, huona kama 3 tu, kwa sababu bodi yake haiwezi zaidi. Nyingine zina ramu iliyochomelewa kwenye bodi, na haiwezekani kuongeza. MacBook Air ndivyo ilivyo tangu ilipotoka mwaka 2008. Nyingine, kama ThinkPad T440, zina gigabaiti 4 zilizochomelewa na tundu moja tu la kuongeza. Andika jina na namba ya mashine, iliyobandikwa chini yake, mpe kijana akutafutie kwenye intaneti kikomo chake na idadi ya matundu.

Jambo la tatu ni mfumo endeshi. Kama ni wa biti 32, hauwezi kuhesabu zaidi ya gigabaiti 4, na kwa kawaida utatumia 3 na kitu tu. Ukinunua gigabaiti 8 kwa mfumo huo, nusu ya fedha yako imelala bure. Mifumo ya biti 64 haina kizuizi hicho.

Aina hazichanganyiki

Akina mama tunajua kwamba si kila damu inamfaa kila mgonjwa. Hata ramu zina makundi yake. Kompyuta za kupakata za miaka ya 2006 hadi 2009 nyingi zilitumia DDR2, yenye meno 200. Zilizofuata zikatumia DDR3, yenye meno 204. Kuanzia karibu mwaka 2015 zikaingia zenye DDR4, meno 260. Pengo kati ya meno liko mahali tofauti katika kila aina, kwa hiyo ya kundi jingine haitaingia. Ikikataa kuingia, usiisukume kwa nguvu. Inakuambia ukweli.

Ila kuna ndugu wawili wanaofanana kwa sura na kutofautiana kwa tabia, nao ndio wanaotesa watu wengi. DDR3 ya kawaida hutumia umeme wa volti 1.5. Ndugu yake DDR3L hutumia volti 1.35. Zote zina meno 204 na pengo lao liko mahali pamoja, kwa hiyo zinaingia tundu moja bila ubishi. Zitazame kwenye karatasi iliyobandikwa juu yake. Ya kawaida imeandikwa PC3, na ya umeme mdogo imeandikwa PC3L. Herufi moja tu! Kwa kawaida DDR3L hukubali kufanya kazi katika mashine ya DDR3. Lakini kompyuta za kupakata zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 4, zilizoanza kutoka mwaka 2013, zilitengenezwa kwa DDR3L tu. Ukiziwekea ile ya volti 1.5, nyingi hugoma kuwaka.

Yaliyompata mweka hazina

Mama mmoja jirani yetu, mkulima wa mpunga, ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Hesabu za hisa na mikopo za miaka mitano zilikuwa ndani ya kompyuta ya familia, mashine ya mwaka 2014. Zilikuwa zimebaki siku kumi kikundi kigawane. Kwa kuwa kompyuta ilikuwa nzito, mwanawe wa chuo aliagiza ramu ya gigabaiti 4 kutoka duka moja la mjini. Alitaja aina ya mashine, akatumiwa mzigo, akaufunga mwenyewe. Alipobonyeza kitufe cha kuwashia, taa iliwaka, mashine ikalia pii-pii, kioo kikabaki cheusi.

Baba mwenye nyumba alikasirika, akasema kijana ameua mashine. Habari zikafika kwa wanakikundi kabla ya jua kuzama. Wengine walianza kunong'ona kwamba mweka hazina ameharibu daftari makusudi ili hesabu zisijulikane. Wapendwa, hapo ndipo jambo dogo la ufundi linapogeuka kuwa jambo la heshima ya mtu. Mwanamke aliyetunza fedha za wenzake miaka mitano bila doa alilala usiku ule akiitwa mwizi, kwa sababu ya kibao kisichozidi urefu wa kidole.

Tulipoitwa, hatukuanza kwa kuuliza nani ana kosa. Tuliomba kijana aitoe ile ramu mpya na kuiacha ya zamani peke yake. Mashine ikawaka. Hesabu zote zilikuwemo, mpaka senti ya mwisho. Kabla ya jambo lingine lolote, zilinakiliwa kwenye flashi mbili, moja akapewa mwenyekiti wa kikundi. Kisha tukazisoma zile karatasi kwa mwanga wa tochi. Ya zamani iliandikwa PC3L-12800S. Mpya iliandikwa PC3-12800S. Kijana hakuwa ameua kitu. Dukani walikuwa wamempa isiyo yake. Kwa kuwa risiti ilikuwepo, walimbadilishia, na alipoifunga ile ya pili mashine ikaona gigabaiti zote 8. Kikundi kiligawana siku yake. Baba alimwomba mwanawe radhi mbele ya mama yake, na hilo kwetu lilikuwa kubwa kuliko mashine kupona.

Hatua za kufuata mashine ikigoma

Kutokana na kisa hicho na vingine, tunashauri utaratibu huu. Ufuate kwa zamu, usiruke.

1. Zima kabisa, usiifunge tu ikalala. Chomoa chaja. Toa betri. Kama betri iko ndani, ichomoe kwenye bodi baada ya kufungua mfuniko; kama huwezi, mwachie fundi. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili umeme uliobaki uishe.

2. Gusa kitu cha chuma kabla ya kugusa ramu, ili umeme tuli ulio mwilini uondoke. Usifanyie kazi juu ya zulia wala kwenye nguo za sufi. Shika ramu kwa kingo zake, usishike meno.

3. Sukuma vibanio viwili vya pembeni kuelekea nje. Ramu itainuka yenyewe. Toa ile mpya, acha ya zamani, rudisha umeme, washa. Ikiwaka, umeshajua kwamba bodi na diski ni salama. Nakili kazi zako papo hapo.

4. Soma karatasi za ramu zote mbili na uzilinganishe: aina, herufi ile ya L, na ukubwa.

5. Kama zinalingana, jaribu tena kuingiza. Zima na utoe umeme kama mwanzo. Ramu huingia kwa kulala kidogo, kama nyuzi 30, mpaka meno yawe yamezama karibu yote. Kisha ikandamize chini hadi vibanio vyote viwili vilie "tak". Mara nyingi sana ugonjwa ni huu tu: haikukaa sawasawa.

6. Washa na uwe na subira. Baada ya kubadilisha ramu, mashine nyingine hukaa na kioo cheusi dakika moja au zaidi zikijipima. Usizime kwa pupa.

7. Ikigoma tena, weka mpya peke yake katika tundu ambalo ya zamani ilifanya kazi. Ikigoma hapo, ramu mpya ni mbovu au haifai mashine hiyo. Ikiwaka, hamishia katika tundu la pili. Kama hakuna ramu inayokubali katika tundu la pili, tundu ndilo bovu. Kama kila moja inafanya kazi peke yake lakini pamoja zinakataa, hazipatani. Afadhali kununua mbili zinazofanana.

Usibadilishe mambo mawili kwa mara moja. Ukibadilisha mawili na mashine ikapona, hutajua ni lipi lililoiponya. Andika kila jaribio kwenye karatasi, kama tunavyoandika chati ya mgonjwa. Ukimpelekea fundi karatasi hiyo utamwokolea muda, nawe utaokoa fedha.

Inawaka lakini haitulii

Wakati mwingine mashine inawaka vizuri, ila baada ya muda inajizima, inaonyesha kioo cha buluu chenye maandishi, au inakataa kufungua kazi uliyohifadhi jana. Msidharau dalili hizi. Ramu mbovu inaweza kuharibu maandishi na tarakimu kimyakimya wakati wa kuhifadhi, na hutajua mpaka siku ya kuzihitaji. Kwa mtoto anayeandika utafiti, au kwa mweka hazina, hiyo ni hatari kuliko kioo cheusi. Acha kuhifadhi kazi muhimu kwenye mashine hiyo mpaka ipimwe.

Windows ina kipimo chake cha kumbukumbu. Andika neno mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, bonyeza Enter, mashine itajiwasha upya na kujipima. Kipo pia kipimo cha bure kiitwacho Memtest86+, kinachowashwa kutoka kwenye flashi. Kiache kipite duru kadhaa, hata usiku mzima kama umeme unaruhusu. Kosa hata moja likionekana, usikubali kuambiwa kwamba ni dogo. Pima kila ramu peke yake ujue mwenye kosa.

Hali ya bonde letu

Hapa kwetu masika huja na unyevu mwingi, na kiangazi huja na vumbi. Unyevu hufanya meno ya ramu yapate utando, na vumbi hukaa ndani ya matundu. Kabla ya kuitangaza ramu kuwa imekufa, sugua meno yake polepole kwa ufutio safi wa penseli, kisha uyafute kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi. Tumeona ramu zilizohesabiwa kuwa zimekufa zikifufuka kwa ufutio wa mtoto wa shule. Puliza vumbi kwa pampu ndogo ya mkono, si kwa mdomo, maana mate nayo ni maji.

Sisimizi hupenda joto la mashine. Usiweke kompyuta karibu na sukari wala chakula, na usiifunike kitambaa inapofanya kazi, inahitaji kupumua. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, chomoa chaja mpaka utulie.

Tunawaomba pia mwangalie watoto. Ndani ya kompyuta nyingi za zamani kuna betri ndogo ya mviringo kama sarafu. Mtoto mdogo akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kumuunguza kwa ndani katika muda wa saa 2 tu. Usimtapishe, usisubiri itoke, mkimbize hospitali mara moja. Na kama betri kubwa imevimba, usiitoboe wala usiichaji tena. Itoe nyumbani kwa uangalifu, na usiitupe kwenye moto wa takataka.

Fundi, risiti na amani ya nyumbani

Mafundi wengi ni watu waaminifu wanaolisha familia zao kwa kazi hii. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kumwachia fundi mashine, andika ukubwa wa ramu na diski iliyomo, na kama unaweza upige picha ya karatasi zake. Mwombe akurudishie ramu ya zamani aliyoitoa, ni mali yako. Unaponunua, dai risiti iliyoandikwa aina kamili, si "ramu moja" tu, na mkubaliane mapema kama unaweza kuirudisha isipokubali.

Na zaidi ya yote, hesabu za watu wengi zisikae mahali pamoja. Weka nakala kwenye flashi, mpe mwenzako nakala ya pili, na kila mwezi chapisha ukurasa mmoja wa majumla, wanakikundi wausaini. Siku mashine ikigoma, hakuna atakayekunyooshea kidole.

Wakati wa kuacha

Bwana Yesu alisema habari za kiraka kipya kinachoshonwa kwenye vazi kuukuu. Sisi tulioshona mashati ya watoto tunauelewa mfano huo haraka. Kuna kompyuta ambayo kiraka kitaipa miaka mingine mitatu ya kazi, na kuna ile ambayo kiraka kitaichana zaidi. Kama bodi haizidi gigabaiti 2, au kama ramu, diski na betri vyote vinataka kubadilishwa pamoja, jumlisha bei kabla ya kuanza. Kumbuka pia kwamba muda wa kawaida wa Microsoft kuihudumia Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Kwa mashine kama hizo upo mfumo wa bure wa Linux, ambao baadhi ya aina zake ni nyepesi na zinatosha kwa kuandika na kupiga hesabu.

Mama mpendwa, huna haja ya kuwa fundi ili kuilinda nyumba yako na hasara hii. Uliza mashine inakubali nini kabla ya kununua. Soma karatasi herufi kwa herufi. Ikigoma, irudishe ilivyokuwa, unakili kazi zako, ndipo utafute. Na wakati wote huo, usiruhusu mtu yeyote nyumbani, mkubwa au mtoto, ahukumiwe kabla ya kipimo kutoa majibu. Mungu azibariki familia zetu na kazi za mikono yetu.